Amplifaya ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili

Harufu ya transfoma inayoungua ukishainusa mara moja hutaisahau. Ni ya vanishi iliyochemka pamoja na karatasi, na inakaa kwenye nguo. Mimi niliijua ukumbini, kwenye send-off, saa mbili usiku, wageni ndio kwanza wanatafuta viti. Amplifaya ya gitaa ilikuwa yangu, nimeinunua mchana wa siku ileile. Mtumba wa valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti kwenye mitambo ya zamani, imeshuka na kontena kutoka ng'ambo, kasha jeusi bado linang'aa, spika moja ya inchi 12. Dukani hatukuiwasha kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, nami nilikuwa nimeitamani kiasi kwamba sikutaka kusubiri urudi. Nilishaiona ikipigwa kwenye video, nikaridhika.

Nilipochomeka, fyuzi ikakatika palepale. Kijana mmoja wa mitambo, kwa nia njema kabisa, akachana karatasi ya fedha kwenye pakiti ya sigara, akaizungushia ile fyuzi, akairudisha mahali pake. Nikamwacha. Valvu zikawaka kwa weupe ambao sikuwahi kuuona, na kabla mkono wangu haujafika kwenye nobu ya sauti, moshi ukaanza kupanda kupitia matundu ya nyuma. Usiku ule nilipiga gitaa kwa kupitishia moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ikatoka sauti nyembamba kama ya redio ya mkononi, na bwana mmoja alinifuata baadaye kuniuliza kama ninaumwa.

Asubuhi ya Jumatatu niliibeba hadi Kariakoo, kwa mzee mmoja fundi redio ambaye wanamuziki wengi wa dansi wanamfahamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Iweke hapa, usiiguse tena."

Alifungua skrubu nne, akachomoa bati la nyuma, lakini hakuingiza mkono. Alichukua rezista moja nene yenye waya mrefu uliovishwa plastiki, akaishikiza kwenye mguu wa kapasita kubwa, akakaa kimya kama nusu dakika. Alikuwa anamwaga umeme uliobaki. Ndani ya amplifaya ya valvu kapasita huweza kutunza mamia ya volti hata baada ya kuchomoa plagi, na mafundi wanaoheshimu kazi yao hawaanzi bila kufanya hivyo. Kisha akaitoa fyuzi yangu, akaikunjua ile karatasi ya sigara taratibu, akaiweka kiganjani mwangu.

"Fyuzi ilikufa ili transfoma ipone. Nyinyi mkaifufua."

Halafu akanigeuzia nyuma ya amplifaya, akapangusa vumbi kwa kidole gumba. Kulikuwa na kibati kidogo: volti 120, hezi 60. Umeme wa Marekani. Wetu ni volti 230, hezi 50. Nilikuwa nimekitazama kile kibati dukani na macho yangu hayakukisoma.

"Ulipokwenda kununua ulisikiliza nini?" aliniuliza. Nikamwambia: sauti. Akasema amplifaya inachaguliwa kuanzia nyuma, ya mbele yatajileta yenyewe.

Tangu siku ile hilo ndilo neno ninalowaambia vijana wanaoniuliza wanunue amplifaya gani. Wengi wanatarajia niwatajie jina, na majina nitayataja, ila kwanza tuzungumze kuhusu huko nyuma.

Kuna jambo moja la historia ambalo linanipa faraja kila ninapokaa kwenye kibanda cha yule mzee. Leo Fender, ambaye amplifaya zake zimeigwa dunia nzima, alikuwa fundi redio. Alifungua kibanda chake cha kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na kampuni ya Fender ikafuata mwaka 1946. Gitaa hakuwa anajua kulipiga. Alichojua ni vifaa, vinaharibika wapi na vinafunguliwaje. Ndani ya makasha ya amplifaya zake ilibandikwa karatasi inayoonyesha valvu gani inakaa tundu gani, ili fundi yeyote, popote alipo, asihangaike kubahatisha. Hata Jim Marshall wa London, ambaye alikuwa mpiga ngoma mwenye duka la vyombo vya muziki, amplifaya yake ya kwanza, JTM45 ya mwaka 1962, ilifuata mchoro wa Bassman, amplifaya ya Fender, karibu waya kwa waya. Kwa hiyo chombo hiki tunachokiona cha kifahari kimezaliwa mikononi mwa watu wa aina ya yule mzee wa Kariakoo, na amplifaya ambayo mzee yule hawezi kuifungua na kuielewa, mimi naitilia shaka hata iwe na sauti ya malaika.

Hapa kwetu swali hili la kuchagua ni jipya kuliko tunavyodhani. Katika bendi kubwa za dansi, vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ilikuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki alikuja na vidole vyake na nguo zake za jukwaani, amplifaya aliikuta. Ukihama bendi unaviacha vyombo nyuma, na bendi ngapi zilikufa kwa sababu tu mwenye vyombo alivichukua. Leo mpiga gitaa wa Dar anajitegemea. Ijumaa anapiga dansi baa, Jumamosi harusi au kipaimara, Jumapili asubuhi yuko kanisani akiwa na usingizi machoni. Amplifaya ni moja, ya kwake, amenunua kwa fedha ambayo ingelipa kodi ya nyumba miezi kadhaa. Ndiyo maana naumia kuona mtu akiuziwa kitu cha kung'aa ambacho hakitavuka masika moja.

Sasa tuje mbele, kwenye sauti, maana bila sauti hayo yote hayana kazi.

Muziki wetu una magitaa mengi kwa wakati mmoja. Ridhimu inazunguka chini, second solo inajibu katikati, solo inapanda juu, na besi inawabeba wote. Ni kama mama anayesuka mkeka: kila gitaa ni ukili wake, na uzuri uko kwenye kuona kila ukili unapopita juu na unapozama. Msikilize Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au Dk. Nico Kasanda kule Kongo: kila noti ina kingo zake, unaweza kuihesabu. Amplifaya inayoanza kukwaruza mapema inachafua mkeka wote, sio gitaa lako peke yako. Kwa hiyo kwa mpiga dansi, sifa ya kwanza ni kubaki safi ikiwa na sauti kubwa. Watengenezaji wengi hutangaza jinsi amplifaya yao inavyonguruma kwa wapiga roki, na hilo halina ubaya, lakini wewe dukani fungua chaneli safi, pandisha sauti hadi mahali ambapo ukumbi wa watu mia tatu ungeisikia, halafu piga sebene. Kama uzi wa kwanza haukuchomi sikio na uzi wa sita haumung'unyi maneno, endelea kuzungumza bei.

Kwa usafi huo, mbili zimekuwa kipimo. Fender Twin Reverb, ya valvu, iliyotoka mwaka 1963 na ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya wati 85, ina usafi wenye joto na mwangwi wa springi ambao sijachoka kuusikia. Nyingine ni Roland JC-120 ya mwaka 1975, ya transista, yaani isiyotumia valvu. Hii niliwahi kuipiga miezi mitatu kwenye bendi ya hoteli na bado naiota. Ndani yake ni amplifaya mbili za wati 60 kila moja, na kila moja ina spika yake ya inchi 12. Ukiwasha korasi, spika moja inatoa gitaa lako lilivyo, ya pili inatoa lilelile likiwa limecheleweshwa kidogo na kuyumbishwa kidogo, na mchanganyiko unafanyika hewani, kati ya spika na masikio yako. Ukisimama mbele yake unahisi gitaa limepanuka kama bahari inavyotulia jioni. Mwaka uliofuata, 1976, mtambo huo wa korasi ulitolewa peke yake kama pedali, kidude cha kubadili sauti kinachokanyagwa kwa mguu, kwa jina CE-1, na ndiyo pedali ya kwanza yenye jina la Boss. Mngurumo wake wa ndani mimi siupendi, ila ukiwa na pedali nzuri ya kunguruma, JC-120 inaipokea bila kinyongo.

Tatizo lake na la Twin ni moja: uzito. JC-120 ina kilo kama 28, Twin ya valvu kama 29. Usiku wa saa tisa, ngazi za ukumbi wa ghorofa ya tatu, bajaji inakusubiri na dereva analalamika. Mwenye gari asinicheke. Mimi najiwekea kilo 20 kama ukomo wa kitu nitakachobeba peke yangu.

Suala la wati limewapotosha wengi, acha nilieleze vizuri. Mtu anaona amplifaya ya wati 100 anadhani ina sauti mara mbili ya ile ya wati 50. Haina. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo mwenye sikio ataitambua na mnenguaji hataijali. Ili sikio liseme "hii sasa ni mara mbili", unahitaji nguvu mara kumi hivi. Spika ndiyo inayosahaulika. Spika ya gitaa ikipewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1, moja inaweza kutoa desibeli 97 na nyingine 100, na tofauti hiyo ni sawasawa na kuongeza wati mara mbili bila kulipa umeme zaidi. Ukubwa nao una neno: spika ya inchi 8 au 10 ndani ya kasha dogo haitakupa kifua cha ridhimu hata uiandikie wati ngapi. Kwa kazi zetu za kumbi, transista ya wati 50 na kuendelea, spika ya inchi 12, inatosha. Valvu za wati 30 nazo zinatosha, kwa sababu valvu ikifika mwisho wa nguvu inalegea kwa upole na sikio linavumilia, wakati transista ikifika mwisho inakata kama wembe.

Na kwa nini sikurudi kwenye valvu? Siyo kwa kuzichukia. Valvu zinachakaa na zinabadilishwa kama matairi, na kuzipata hapa mara nyingi ni kumwagiza mtu anayesafiri. Hazipendi kugongwa kwenye barabara za vumbi. Hazipendi umeme mdogo unaoshuka na kupanda, wala jenereta inayovuta pumzi kila friji ya ukumbi inapojiwasha. Tena ukiiwasha ya valvu bila spika kuunganishwa, unaweza kuua transfoma ya sauti, jambo ambalo transista nyingi hulivumilia. Anayerekodi studio, mwenye stebilaiza nzuri na chombo kisichotoka mlangoni, anunue valvu na Mungu ambariki.

Kuna kundi la tatu, la dijitali. Boss Katana, iliyotoka mwaka 2016, imewasaidia vijana wengi na naelewa kwa nini. Ile ya wati 50 haifiki kilo 12, na ina swichi ya kushusha nguvu hadi nusu wati, kwa hiyo unaweza kufanya mazoezi saa nne usiku kwenye nyumba ya kupanga na mwenye nyumba asigonge. Ina pedali ndani yake, ina tundu la kupeleka sauti kwenye mikisa. Fender nao mwaka 2019 walileta Twin ya dijitali, Tone Master, kilo 15 tu. Swali langu kwa zote hizi ni lile la mzee: ikikataa kuwaka, nani ataifungua? Bodi zake zina vipande vidogo kuliko mbegu ya ufuta, na chuma cha kulehemu cha kibandani hakina pa kushika. Ikiwa mjini kwako kuna fundi mwenye vifaa vya kazi hiyo, nunua kwa amani. Ukiwa Songea au Sumbawanga, fikiria mara mbili.

Kuhusu kanisa, nililichukulia kwa wepesi na nikajifunza. Kwaya haitaki amplifaya inayopuliza madhabahuni. Fundi mitambo anataka waya mmoja wa sauti yako, aipange yeye. Amplifaya ambayo haina tundu la kutolea sauti kwenda mikisa itakulazimisha kuwekewa maikrofoni mbele ya spika, na Jumapili kanisa lenye maikrofoni tatu halitakupa moja. Tundu hilo liko nyuma. Send na return ya kupitishia pedali za mwangwi nayo mara nyingi iko nyuma.

Nyuma huko pia kuna waya wa umeme wenyewe, na hapa naomba nisikilizwe. Nimewaona wapigaji waliokata pini ya ethi, ile inayopeleka ardhini umeme uliovuja, kwa sababu amplifaya ilikuwa inavuma, na kweli ikaacha kuvuma. Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na bati la amplifaya. Bati likishika umeme na ethi haipo, umeme utapitia kwako siku mdomo wako au mkono utakapogusa maikrofoni iliyounganishwa kwingine. Mei 1972, mjini Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani baada ya kushika maikrofoni ambayo haikuwa na ethi. Alikuwa mtaalamu, kwenye ukumbi wa heshima. Kumbi zetu nyingi zinavuta ekstensheni kutoka jikoni. Mimi natembea na testa mfukoni, na kama soketi haina ethi namwambia mwenye shughuli kabla ya kutoa gitaa kwenye mfuko.

Miezi saba baada ya ile ya valvu kuungua, nilikwenda duka jingine nikiwa na gitaa langu, waya wangu wa gitaa na tochi. Nilianza kwa kupiga magoti nyuma. Kibati: volti 230, hezi 50. Fyuzi: ya kioo, saizi iliyoandikwa ndiyo iliyomo. Plagi: pini tatu zote. Nikachomeka waya wa gitaa, nikautikisa taratibu kwenye jeki nikisikiliza kama itakatika. Jeki iliyolegea ndiyo ugonjwa wa kawaida kuliko yote, na Pwani hii chumvi na unyevu huzila mapema. Nikazungusha kila nobu. Mbili zilikwaruza, lakini hilo ni vumbi tu, dawa ya kupuliza inalitoa. Nikaiacha imewaka bila kupiga chochote, sauti ikiwa nusu, nikasikiliza mvumo wake wakati muuzaji anahudumia wengine. Baada ya saa nzima nikagusa kasha juu. Vuguvugu, basi. Ndipo nikapiga.

Ilikuwa Peavey Bandit 112, ya transista, ya aina wanayoiita TransTube. Kampuni hiyo ilianzishwa na Hartley Peavey mjini Meridian, Mississippi, mwaka 1965, na Bandit haijawahi kuwa amplifaya ya kupigia picha. Watu wanaipita. Wati 80, spika moja ya inchi 12, chaneli mbili, moja safi na moja ya kunguruma. Usafi wake hauna ile bahari ya JC-120, nakiri, ila una katikati iliyojaa, na ridhimu ikikaa humo haifukuzwi na kinanda. Nilipiga dakika arobaini. Muuzaji mwenyewe alianza kutikisa kichwa.

Inayo pia tundu la spika ya nje. Ukiunganisha spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) pamoja na ile ya ndani, inafika wati 100. Wati 20 hizo si kitu, nimeshaeleza, lakini spika mbili zinasukuma hewa kuliko moja, na kwenye harusi za uwanjani, ambako hakuna ukuta wa kurudisha sauti, hewa ndiyo unayoihitaji.

Hapo nikakumbuka ile ya valvu. Transfoma iliungua, spika haikuguswa. Nilirudi kwa mzee, akaipima kwa mita, akasema ni omu 8 na koili yake ni nzima. Tukampelekea seremala wa jirani vipimo, akatengeneza kasha la plaiwudi nene, nyuma wazi nusu. Mzee akalehemu jeki mwenyewe. Kabla ya kukaza skrubu za mwisho alichana karatasi kwenye daftari lake la risiti, akaandika kwa mkono, akaibandika ndani ya kasha kwa gundi: waya mwekundu unakaa wapi, mweusi wapi, omu ngapi, na tarehe ya siku ile.